Utando wa Nyuzi Nano katika Kusafisha Majitaka: Kinachonaswa, Kinachopita na Kinachobaki

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza:
(a) kueleza nyuzi nano ni nini na namna zinavyotengenezwa;
(b) kutaja vimelea na kemikali ambazo utando wa nyuzi nano unaweza kuzinasa, na zile zinazoupita;
(c) kukokotoa idadi ya vimelea vinavyobaki baada ya kuchuja, badala ya kutosheka na asilimia iliyoondolewa;
(d) kupima kama utando huo unafaa kwa hospitali, shule au bustani ya mboga.

1. Utangulizi

Neno “nano” limezoeleka sasa katika matangazo ya vichujio vya maji. Mnunuzi huambiwa kuwa kichujio kimetengenezwa kwa teknolojia ya nano na kwamba kinaondoa asilimia 99.9 ya vijidudu, na mara nyingi maelezo huishia hapo. Kwa mtumiaji wa kawaida maneno hayo yanatosha kumpa matumaini. Kwa mhudumu wa afya hayatoshi, kwani ugonjwa huletwa na vimelea vilivyopita, wala si vile vilivyonaswa.

Suala hili lina uzito wa pekee katika majitaka. Maji ya kisima kizuri huanza yakiwa na vimelea vichache. Majitaka ghafi ya majumbani, kwa upande mwingine, kwa kawaida huwa na bakteria aina ya E. coli kati ya milioni 1 na milioni 100 katika kila mililita 100. Pamoja nao huwamo virusi, sisti za protozoa, mayai ya minyoo na mabaki ya dawa. Majitaka ya hospitali huongeza vimelea vyenye usugu dhidi ya dawa, na yale ya viwanda huweza kuongeza rangi na metali nzito.

Maji hayo hayapotei yakishatoka bombani. Huingia mtoni, ziwani, baharini au bustanini. Katika bonde la mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, mboga zimekuwa zikilimwa kwa maji ya mto kwa miaka mingi, na mboga hizo huliwa na watu wasiojua zilikotoka. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza jijini humo mwezi Agosti 2015 ulienea katika sehemu kubwa ya Tanzania, na waliougua walizidi 20,000. Kwa hiyo swali la nini kinachopita katika kichujio linamhusu mlaji wa kachumbari sawasawa na mhandisi wa majitaka.

2. Tulichojifunza kutoka kwenye kitambaa

Kabla ya kufika kwenye nyuzi nano, inafaa kukumbuka kwamba kuchuja maji kwa nyuzi ni jambo la kale. Mama anayefunga kitambaa mdomoni mwa mtungi anatumia kanuni ileile ambayo maabara za leo zinaitumia: nyuzi zilizopishana huacha vitundu, na kitu kikubwa kuliko kitundu hukwama. Mifano miwili inaonesha uwezo wa kanuni hiyo pamoja na mipaka yake.

Mfano wa kwanza ni mnyoo wa Guinea. Mtu huambukizwa anapokunywa maji yenye wadudu wadogo wa majini waliobeba viluwiluwi vya mnyoo huo. Wadudu hao wana urefu wa karibu milimita 1, hivyo kitambaa cha nailoni chenye vitundu vya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kinawazuia kabisa. Mwaka 1986 ilikadiriwa kuwa watu wapatao milioni 3.5 walikuwa wakiugua kila mwaka. Kitambaa hicho, pamoja na elimu kwa jamii, uangalizi wa vyanzo vya maji na ufuatiliaji wa wagonjwa, kimeshusha idadi hiyo hadi watu wachache wanaohesabika kwa mwaka mzima. Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2018. Hakuna chanjo wala dawa iliyoleta ushindi huo.

Mfano wa pili unatoka Bangladesh. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana upana wa karibu nusu ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hakuna nguo inayoweza kumzuia akiwa peke yake. Lakini mtafiti Rita Colwell na wenzake waliona kwamba katika mito na mabwawa bakteria hao hung’ang’ania viumbe wadogo wanaoelea majini. Sari kuukuu iliyokunjwa mara nne au zaidi hunasa vitu vya mikromita 20 na kuendelea, hivyo huwanasa viumbe hao pamoja na bakteria waliowabeba. Katika vijiji vya Matlab, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa asilimia 48 pale sari ilipotumika.

Mifano hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, kichujio hupimwa kwa ukubwa wa kiumbe kinachokusudiwa, si kwa ugeni wa teknolojia yake. Pili, sari ilipunguza nusu tu ya wagonjwa kwa sababu bakteria walioogelea peke yao waliendelea kupita. Nyuzi nano zinakusudiwa kuziba pengo hilo.

3. Nyuzi nano hutengenezwaje?

Nanomita moja ni sehemu moja ya elfu ya mikromita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 70,000. Nyuzi zinazoitwa nano huwa na unene ulio chini ya nanomita 1,000, na nyingi zinazotumika katika vichujio huwa kati ya nanomita 50 na 500. Hakuna pia wala cherehani inayoweza kusokota uzi wa namna hiyo. Njia inayotumika zaidi ni kuuvuta kwa umeme.

Polima, kwa mfano nailoni, poliakrilonitrili au selulosi asetati, huyeyushwa katika kiyeyushi kinachofaa hadi iwe kama uji mwepesi. Uji huo hutiwa katika bomba la sindano na kusukumwa polepole. Ncha ya sindano huunganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000, na mbele yake, kwa umbali wa sentimita 10 hadi 20, huwekwa sahani ya chuma. Tone linalotokea nchani hujaa chaji, na chaji zinazofanana hufukuzana. Tone hurefuka na kuwa na umbo la pia. Nguvu ya umeme inapozidi mvutano wa uso wa tone, uzi mwembamba huchomoka kutoka ncha ya pia hiyo, hupepesuka hewani kama mjeledi na kuendelea kurefuka na kukonda huku kiyeyushi kikiyeyukia hewani. Unapofika kwenye sahani huwa umekauka. Nyuzi hulaliana ovyo, tabaka juu ya tabaka, hadi zifanye utando mweupe unaofanana na karatasi laini.

Historia ya njia hii ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1600 Mwingereza William Gilbert aliandika kwamba tone la maji huchongoka linaposogezewa kaharabu iliyosuguliwa. Mwaka 1934 Anton Formhals alipata hataza nchini Marekani kwa mtambo wa kuvuta nyuzi kwa umeme. Katika miaka ya 1930 Igor Petryanov-Sokolov na wenzake katika Umoja wa Kisovyeti walitumia nyuzi hizo katika vichujio vya vinyago vya kujikinga na gesi. Mwaka 1964 Geoffrey Taylor alieleza kwa hisabati umbo la pia ya tone, ambayo hadi leo inaitwa koni ya Taylor. Katika miaka ya 1990 Darrell Reneker wa Chuo Kikuu cha Akron, Marekani, aliifufua njia hii katika utafiti, na tangu hapo imeenea katika maabara nyingi duniani.

4. Kwa nini maji hupita kwa wepesi

Utando wa kawaida wa polima hufanana na sponji ngumu: una vitundu, lakini vingi havikutani. Utando wa nyuzi nano hufanana zaidi na rundo la majani makavu. Nafasi tupu huchukua asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake, na nafasi hizo zimeungana, hivyo tone la maji likikuta njia moja imezibwa hupata nyingine. Matokeo yake ni kwamba maji mengi hupita kwa kanieneo ndogo. Katika kituo cha afya chenye umeme wa kukatika mara kwa mara, tofauti hiyo ina maana: kichujio kinachoendeshwa na tangi lililoinuliwa mita chache hakitegemei pampu.

Faida ya pili ni eneo la uso. Kadiri uzi unavyokuwa mwembamba, ndivyo gramu moja ya nyuzi inavyokuwa na uso mkubwa zaidi wa kugusana na maji. Uso huo unaweza kupewa kemikali zinazovuta uchafu fulani, kama tutakavyoona katika sehemu ya 6.

5. Kinachonaswa na kinachopita

Hapa ndipo neno “nano” linapopotosha. Linaeleza unene wa uzi, wala halielezi upana wa kitundu. Katika utando uliolaliana ovyo, vitundu kwa kawaida huwa vipana kuliko nyuzi zenyewe. Utando wenye nyuzi za nanomita 200 unaweza kuwa na vitundu vya nusu mikromita hivi. Linganisha kipimo hicho na ukubwa wa vitu vilivyomo katika majitaka:

Jedwali la 1: Ukubwa wa baadhi ya vitu vilivyomo katika majitaka
– Yai la mnyoo wa Ascaris: mikromita 35 hadi 75. Hunaswa.
– Sisti ya Giardia: mikromita 8 hadi 12. Hunaswa.
– Sisti ya Cryptosporidium: mikromita 4 hadi 6. Hunaswa.
– E. coli na Vibrio cholerae: upana wa mikromita 0.5 hadi 0.8, urefu wa mikromita 1.5 hadi 3. Hunaswa kwa sehemu kubwa, mradi utando ni mzima na vitundu vyake vinalingana.
– Virusi vya rota: takriban nanomita 75. Hupita, isipokuwa vikivutwa na chaji au vikiwa vimeshikamana na chembe kubwa.
– Virusi vya polio na vya homa ya ini A: takriban nanomita 30. Hupita vivyo hivyo.
– Molekuli za dawa, chumvi na ayoni za metali: takriban nanomita 1 au chini ya hapo. Hupita.

Mambo mawili katika jedwali hili yanastahili kutiliwa mkazo. La kwanza ni Cryptosporidium. Vimelea hivi huhara watoto wadogo na watu wenye kinga dhaifu, na havidhuriwi kwa urahisi na klorini. Uchujaji wa namna hii ni silaha nzuri dhidi yao. La pili ni virusi. Kituo kinachotegemea utando pekee kitaweza kutoa maji maangavu kama ya chemchemi huku yakiwa bado na virusi vya kuharisha. Uangavu wa maji si cheti cha usalama. Hata hivyo, maji yakishakuwa maangavu, klorini au mwanga wa urujuanimno hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa vimelea havina tena matope ya kujifichia.

Vivyo hivyo kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utando mzima utazuia bakteria sugu walio wengi, lakini vipande vya vinasaba vya usugu vinavyoelea majini na mabaki ya antibiotiki vinaweza kupita. Hospitali isijidanganye kuwa imemaliza tatizo hilo kwa kufunga kichujio.

6. Kunasa kwa mvuto

Watafiti wanajaribu kunasa hata vitu vidogo kuliko vitundu kwa kuupa uso wa nyuzi uwezo wa kuvuta. Virusi vingi huwa na chaji hasi katika maji yasiyo na asidi wala alkali nyingi. Nyuzi zikipewa chaji chanya, virusi hunata juu yake. Kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa, ina vikundi vya amini vinavyoshika ayoni za shaba, risasi na metali nyingine. Poliakrilonitrili inaweza kubadilishwa kikemikali ili ifanye kazi hiyohiyo. Wengine huchanganya chembe za fedha ili ziue bakteria wanaotua juu ya utando.

Njia hizi hufanya kazi vizuri katika maji safi ya maabara. Katika majitaka halisi kuna ushindani. Protini, mafuta, sabuni na chumvi hugombea nafasi zilezile, na nafasi zikishajaa, kinachofuata hupita. Kushika kwa metali hubadilika pia kulingana na asidi ya maji. Fedha nayo huyeyuka kidogo kidogo na kutoka na maji, kwa hiyo nguvu yake hupungua na yenyewe huwa uchafu mpya. Ndiyo maana msomaji wa ripoti ya utafiti anapaswa kuuliza mapema: jaribio lilifanywa kwa maji gani, na kwa muda gani? Utando uliojaribiwa kwa saa 2 katika maji yaliyochanganywa rangi moja haujathibitishwa kwa mwaka mmoja wa majitaka ya wodi.

7. Hesabu ya kinachobaki

Wataalamu wa maji hupima uondoaji wa vimelea kwa logi. Logi 1 maana yake idadi imegawanywa kwa 10. Logi 2, kwa 100. Logi 3, kwa 1,000. Tuchukue mfano wa kufikirika wa majitaka yenye E. coli 10,000,000 katika mililita 100:

– Ukiondoa asilimia 90 (logi 1), hubaki 1,000,000.
– Ukiondoa asilimia 99 (logi 2), hubaki 100,000.
– Ukiondoa asilimia 99.9 (logi 3), hubaki 10,000.
– Ukiondoa asilimia 99.99 (logi 4), hubaki 1,000.
– Ukiondoa asilimia 99.9999 (logi 6), hubaki 10.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989 kuhusu kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi uliweka ukomo wa bakteria 1,000 wa kundi la koliformi za kinyesi, ambalo E. coli ni sehemu yake kubwa, katika mililita 100, na yai lisilozidi 1 la minyoo katika lita moja. Kwa kipimo hicho, kichujio kinachosifiwa kwa asilimia 99.9 katika mfano wetu kimeacha mara kumi ya ukomo. Tofauti kati ya 99.9 na 99.99 huonekana ndogo katika tangazo, lakini katika bustani ni tofauti kati ya 10,000 na 1,000.

Mwongozo wa mwaka 2006 ulibadili namna ya kufikiri. Badala ya kudai maji yawe safi kabisa mwishoni mwa bomba, unataka vimelea vipungue kwa jumla ya logi 6 hadi 7 kutoka majitaka ghafi hadi mdomoni mwa mlaji wa mboga mbichi, na kazi hiyo igawanywe katika hatua mbalimbali. Jua na ukavu shambani hupunguza vimelea kwa logi 0.5 hadi 2 kwa siku baada ya umwagiliaji wa mwisho. Kuosha mboga kwa maji safi hupunguza takriban logi 1. Kupika hupunguza logi 6 hadi 7.

Kwa hiyo utando unaotoa logi 4, ukiongezewa siku 2 bila kumwagilia kabla ya kuvuna (tuchukue kiwango cha chini, logi 1) na kuosha kwa maji safi (logi 1), unafikisha logi 6. Mchicha na matembele yanayopikwa yana kinga kubwa zaidi sufuriani. Kabichi, nyanya na kitunguu vya kachumbari havina kinga hiyo, na mkulima anapaswa kuelezwa tofauti hiyo kabla hajachagua zao la kupanda. Lakini ikumbukwe kuwa kupika humlinda mlaji tu. Mkulima anayesimama peku ndani ya maji, pamoja na mtoto anayecheza mfereji ulipo, hawalindwi na sufuria ya mtu mwingine.

8. Tundu moja lililopasuka

Utando wa nyuzi nano ni laini na huweza kuchanika. Tuseme sehemu 1 tu kati ya 1,000 ya maji inapitia mpasuko bila kuchujwa. Hata kama sehemu iliyobaki ya utando inazuia kila bakteria, mfumo mzima hautaweza kuzidi logi 3. Tena mpasuko hauhitaji kuwa mkubwa. Kwa kanuni ya mtiririko katika mirija myembamba yenye urefu sawa, tundu lenye upana mara 10 hupitisha maji mara 10,000. Ndiyo sababu wastani wa vitundu peke yake haumwambii mnunuzi jambo la kutosha. Anahitaji kujua kitundu kikubwa kuliko vyote.

Kuna kipimo rahisi cha jambo hilo. Utando huloweshwa, kisha hewa husukumwa upande mmoja huku kanieneo ikiongezwa polepole. Maji yaliyomo katika vitundu huizuia hewa hadi ifikie kiwango fulani, na kitundu kipana kuliko vyote hufunguka kwanza na kutoa viputo. Kitundu cha mikromita 1 katika nyuzi zinazolowana vizuri huhitaji takriban kilopaskali 290, yaani karibu mara tatu ya kanieneo ya hewa. Mpasuko wa mikromita 100 hufunguka kwa kilopaskali 3 tu, sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 30. Fundi asiye na maabara ya vimelea anaweza kufanya kipimo hiki kila wiki na kuugundua utando uliochanika kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika kliniki.

9. Kuziba, ukubwa na uangalizi

Kila kichujio kizuri hujiziba. Uchafu hujenga tabaka juu ya utando, bakteria hujenga utelezi wao, na mafuta huingia vitunduni. Mtiririko hushuka. Kuosha kwa kurudisha maji nyuma na kwa klorini au alkali hurejesha sehemu ya mtiririko, lakini kila mwosho huchosha nyuzi. Hivyo kiasi cha maji yanayopita saa ya kwanza si msingi wa kununulia mtambo. Msingi ni kiasi kinachoendelea kupita baada ya miezi.

Tuchukue tena mfano wa kufikirika, hospitali inayotoa lita 40,000 za majitaka kwa siku. Ikiwa utando unamudu lita 20 kwa kila mita ya mraba kwa saa, na unafanya kazi saa 20 kwa siku (saa nyingine ni za kuosha), basi kila mita ya mraba huchuja lita 400 kwa siku, na hospitali itahitaji mita za mraba 100 za utando. Vipande vinavyotengenezwa katika maabara nyingi huwa na ukubwa wa kiganja au karatasi. Pengo hilo linaeleza kwa nini utando wa nyuzi nano, ingawa umetumika kwa miongo kadhaa katika vichujio vya hewa vya viwandani, bado uko zaidi katika hatua ya majaribio kwa upande wa majitaka.

Afrika haiko nje ya juhudi hizi. Mwaka 2010 Profesa Eugene Cloete na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walionesha kichujio mfano wa kifuko cha chai, chenye nyuzi nano zilizotiwa kiua vijidudu pamoja na mkaa maalumu ndani yake, cha kuweka mdomoni mwa chupa. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi kwa kichujio kinachounganisha mchanga na chembe za nano. Vyote viwili vinahusu maji ya kunywa, na kile cha Arusha si utando wa nyuzi, hivyo matokeo yake yasichukuliwe kuwa ushahidi kwa majitaka. Malighafi nazo zipo: katani ni selulosi kwa sehemu kubwa, na magamba ya kamba hutupwa katika masoko ya pwani.

10. Mahali pa utando katika mfumo mzima

Miji yetu mingi husafisha majitaka kwa mabwawa, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam na ya Dandora upande wa mashariki wa Nairobi. Mabwawa huhitaji ardhi kubwa, lakini yakijengwa na kutunzwa vizuri hutuamisha mayai ya minyoo na kuua vimelea kwa jua na muda, bila umeme mwingi. Utando hauondoi haja ya mabwawa hayo. Mahali pake panapofaa ni baada ya hatua za mwanzo: chujio la takataka, tangi la kutuamishia na hatua ya kibayolojia, kisha utando, kisha klorini au urujuanimno. Ukiwekwa mwanzoni mwa safu hiyo utaziba katika muda mfupi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kilichonaswa hakijatoweka. Katika mfano wetu wa hospitali, lita 40,000 zenye E. coli 10,000,000 katika kila mililita 100 zina jumla ya bakteria trilioni 4 kwa siku. Karibu wote hubaki upande mmoja wa utando na hutoka katika maji ya kuoshea. Maji hayo yakimwagwa mferejini, kazi yote imekuwa bure, na fundi anayeosha bila glovu wala buti ndiye wa kwanza kuugua. Mpango wa kununua utando uambatane na mpango wa tope lake, wa mavazi ya kinga na wa mahali pa kutupa utando uliochakaa. Kwa upande wa utengenezaji, viyeyushi kama dimethilifomamidi hudhuru ini, na wafanyakazi wanahitaji hewa ya kutosha na uangalizi wa afya.

Hitimisho

Utando wa nyuzi nano ni hatua halisi mbele ya kitambaa na sari. Unaweza kuzuia mayai ya minyoo, sisti na bakteria walio wengi kwa kanieneo ndogo, na kuyaandaa maji kwa hatua ya mwisho ya kuua virusi. Hauondoi chumvi wala dawa kwa kuchuja tu, hauwezi kuaminiwa bila kupimwa kama ni mzima, na una manufaa pale tu panapokuwa na mtu wa kuuosha na mahali pa kupeleka uchafu wake. Mhudumu wa afya atakapoletewa kichujio chenye sifa ya asilimia 99.9, aombe majibu matatu: majitaka yalianza na vimelea vingapi, vimebaki vingapi, na utando ulikuwa umetumika kwa muda gani siku kipimo kilipochukuliwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini neno “nano” katika jina la utando halithibitishi kwamba utando huo unazuia virusi?
2. Majitaka ya shule yana E. coli 5,000,000 katika mililita 100. Kichujio kinaondoa asilimia 99.9. Hubaki wangapi? Je, maji hayo yanatimiza ukomo wa mwaka 1989 kwa mboga zinazoliwa mbichi?
3. Kituo cha afya hutoa lita 6,000 za majitaka kwa siku. Utando unamudu lita 15 kwa mita ya mraba kwa saa, kwa saa 20. Kinahitaji mita ngapi za mraba?
4. Taja hatua tatu, nje ya kuchuja, zinazoweza kupunguza vimelea kabla mboga haijaliwa, na ueleze ni nani asiyelindwa na hatua hizo.

Majibu ya maswali ya hesabu: swali la 2, hubaki 5,000, na maji hayatimizi ukomo huo, swali la 3, mita za mraba 20.